Godoro na maji: kwanini usafi wetu ndo unaoliozesha

Mwaka 2023 Ramadhani iliangukia mwisho wa mwezi wa tatu, na mie kama watu wote hapa Unguja, Shaaban ikishaingia nyumba naipindua juu chini, mapazia yanashuka, mazulia yanatoka, masufuria yanasuguliwa mpaka unajiona uso, na mwaka ule nikasema hata godoro halibaki. Sponji, futi tano kwa sita, inchi nane, mtoto kashalikojolea mwaka mzima. Nikalitoa uani, nikalimwagia Omo, nikalisugua kwa brashi ya nguo, nikafungua mpira wa maji nikalisuuza mpaka povu likaisha. Roho safi kabisa. Nikaliegemeza ukutani lichuje.

Siku ile jua kali. Siku ya pili mawingu. Siku ya tatu masika hayo, godoro likakimbizwa ndani bado linadondoka, nikaliegemeza sebuleni na beseni chini yake, usiku kucha unasikia to, to, to. Siku ya sita lilikuwa linanuka kuliko ule mkojo niliokuwa naukimbia. Bibi yangu alikuwa kaja kutoka Wete kufunga na sisi, akaja akalibonyeza kwa kidole gumba, akanusa kidole, akaniangalia. "Ushalifanya mpeta hilo," akasema, akaenda zake jikoni.

Kwa asiyekulia Pemba, mpeta ni karafuu iliyovunda. Imechumwa vizuri, haina uchafu wowote, lakini ikarundikwa mbichi au ikanyeshewa jamvini kabla haijakauka, ikachemka ndani kwa ndani, rangi ikapauka na harufu ikaondoka. Bei yake ukiambiwa unaweza kulia. Na bibi kwa neno lile moja alikuwa kashaeleza jambo ambalo mie ilinichukua muda kulifahamu, kwamba godoro linakufa kwa maji kuliko kwa uchafu, na mengi tunayoyaita kusafisha godoro ni kulinywesha maji tu.

Hebu tuanze na sponji lenyewe maana ndo lililojaa majumbani siku hizi. Ni plastiki iliyofurishwa, inaitwa poliurethani, iligunduliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake, na ukilipima godoro la sponji zaidi ya asilimia 95 ni hewa tupu, plastiki yenyewe ni vikuta vyembamba vya vijishimo visivyohesabika. Sasa piga hesabu na mie. Futi tano kwa sita kwa inchi nane ni nafasi ya lita 560 hivi. Godoro likinywa sehemu moja tu ya kumi ya nafasi hiyo, hizo ni lita 56, karibu ndoo tatu za lita 20, na utalikamuaje? Dekio unalikamua, godoro la inchi nane hulikamui. Yale maji yanashuka kwa uzito wake mpaka tumboni mwa godoro, juu jua linakausha kitambaa na inchi moja ya mwanzo, unapapasa unasema limekauka, unatandika shuka. Kati bado bwawa. Na koga haitaki muda mrefu, siku moja mbili za unyevu zinaitosha kuanza.

Godoro la sufi, ile ya mti wa msufi, tabia yake nyingine kabisa. Uzi wa sufi una nta ya asili, maji yanateleza juu yake, ndo maana zamani sufi ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini. Kwahiyo sufi yenyewe hainywi sana, ila inashikana mabonge, na kile kitambaa chake cha pamba kinakunywa mpaka kinakutapikia. La sufi dawa yake ni kulianika, kuligeuza, na kila baada ya muda kulifumua, kuimwaga sufi juu ya jamvi, kuichambua kwa mikono na kuirudisha. Kazi ya kuchosha na unapiga chafya siku nzima lakini godoro linarudi upya. Halafu sufi inashika moto kama petroli, hilo nitalirudia. Magodoro ya makumbi ya nazi yapo lakini machache, yanapitisha hewa vizuri, yanavumilia unyevu kuliko yote, na yanachoma mgongo, basi.

Tatizo letu sisi wa visiwani ni kwamba hata usipolimwagia godoro hata tone, maji yanalifuata. Angalia kichupa cha chumvi mezani kwako, si umetia punje za mchele mle? Kwanini? Kwasababu hewa yenye unyevu unaopita asilimia 75 chumvi inaivuta maji mpaka inalowa, na hewa yetu inakaa hapo hapo au juu yake sehemu kubwa ya mwaka. Ongeza na wewe mwenyewe unayelala. Mtu akilala usiku anatoa kama robo lita ya maji kwa pumzi na ngozi hata asipohisi jasho, na ukiwa usiku wa kaskazi umeme umekatika pangaboi limesimama, ni zaidi. Sehemu ya maji hayo inaingia godoroni. Kwenye nchi kavu yanatoka mchana yenyewe, kwetu hewa imeshashiba, hayana pa kwenda.

Na wale watoto wanaotoka kupiga mbizi Forodhani wakaja wakajitupa kitandani na chumvi zao mwilini, hao usiwafanyie mchezo. Maji ya bahari yatakauka lakini chumvi inabaki ndani ya godoro, na kila usiku hewa ikiwa nzito inavuta maji upya, utashangaa upande mmoja wa kitanda hauishi kuwa baridi baridi. Waoge kwanza.

Kwa hivyo kabla ya siki na soda na madawa, jambo la kwanza ni hewa kupita chini ya godoro. Kitanda kiwe na chaga zenye nafasi kati yake. Kama fundi kakuwekea ubao mzima wa plaiwudi, mwambie atoboe matundu, usione haya. Wanaolala na godoro chini, na tuko wengi, wajue kwamba joto la mwili linasukuma mvuke kwenda chini, ukifika kwenye sakafu ya saruji iliyo baridi unageuka maji, siku ukiliinua unakuta chini pamechora ramani nyeusi. Tia jamvi au mkeka chini yake, na kila asubuhi lisimamishe ukutani, sio umelikunja kona, lisimame pande zote mbili zipate hewa. Nyumba za Mji Mkongwe zina shida yake, zile kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinanyonya unyevu, na zikishapigwa plasta ya saruji juu unyevu unanaswa ndani, kwahiyo kitanda kisigande ukutani, acha hata upana wa kiganja.

Asubuhi usitandike palepale. Najua mama zetu walitufundisha kwamba mtu akitoka kitandani shuka inyooke hapo hapo, na ukiacha wazi unaitwa mvivu, lakini ukifunika unaufungia ule unyevu wa usiku ndani. Kunjua shuka mpaka miguuni, fungua dirisha, nenda kanywe chai na mkate wako wa mofa, urudi utandike. Nusu saa inatosha. Mama mkwe wangu mpaka leo hajaniafiki kwa hili.

Halafu nailoni. Jamani nailoni. Mtu kanunua godoro jipya miaka mitatu iliyopita na bado kalivisha ile nailoni ya dukani ati lisichafuke, ukikaa linalia kacha kacha kama pakiti ya biskuti. Ile ni ya safarini tu, kulivusha godoro kwenye boti mpaka Mkoani lisipate maji. Nyumbani inazuia godoro lisipumue, jasho linakusanyika kati ya nailoni na kitambaa, na hapo ndo koga inapozalia. Chana siku ile ile. Kama una mtoto anayekojoa tumia mpira wa kitandani, juu yake kitambaa cha pamba, na uufunue asubuhi, maana mpira nao ukiachwa siku zote unafanya yale yale ya nailoni.

Sasa mkojo wenyewe, na hapa ndo penye msuguano mkubwa majumbani, kwasababu kwetu mkojo si harufu tu, ni najisi. Nadhani hii ndo sababu hasa wengi tunamwaga ndoo za maji, mie mwenyewe siku ile nilikuwa natafuta tahara kuliko usafi. Lakini tukumbuke tulivyosomeshwa chuo cha Kurani, sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii. Mkojo wa mtoto wa kiume aliye chini ya miaka miwili na hajala kitu zaidi ya maziwa unatosha kunyunyiziwa maji yakaenea pale palipolowa. Wa mtoto wa kike, na wa yeyote aliyekwisha anza kula, lazima ile najisi yenyewe iondoke kwanza halafu maji yapite juu ya mahali pake. Mahali pake, sio godoro zima. Wala kulala juu ya godoro hakuhitaji liwe tahara kama mswala, ingawa roho haipendi. Mie si fakihi, mwenye shaka amuulize shehe wake, ila ninachotaka kusema ni kwamba tahara na ukavu havigombani kama ukifuata mpango.

Mpango ni kunyonya kwanza. Mtoto kakojoa, wahi na kanga kuukuu au taulo kavu, kunja mara nne, weka juu ya pale, panda juu yake kwa magoti na uzito wako wote. Usisugue, ukisugua unautandaza. Badilisha kitambaa, panda tena, mpaka kitambaa kinatoka kikavu. Hapo mkojo mwingi umeshatoka na kilichobaki kinahitaji maji kidogo tu, kikombe kimoja au viwili kwa kupitisha juu ya lile doa, halafu unarudi kunyonya vilevile kwa kitambaa kikavu. Vikombe viwili vinakauka kwa pangaboi mchana mmoja. Ndoo mbili hazikauki.

Harufu ya mkojo wa zamani ni jambo jingine. Mkojo mbichi haunuki sana, unaonuka ni ule uliokaa, bakteria wameshaivunja urea ikawa amonia. Amonia ni ya upande wa magadi, kwahiyo siki inaituliza, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu kwenye chupa ya kupulizia, puliza doa lilowe juu juu, subiri dakika kumi, nyonya. Likishakauka ndo unanyunyiza bekingi soda, iwe kama unga uliopakaa, uiache usiku mzima au mchana mzima, halafu uipige kwa brashi au uifyonze kwa mashine kama unayo. Soda inashika harufu za jasho na mafuta, zile za upande wa asidi.

Umeona nimesema likishakauka? Maana kuna video zimejaa huko mtu anamimina soda, anamimina siki juu yake, linachemka povu pwaaa, watu wanashangilia. Povu lile ni gesi tu ya kaboni inatoka. Asidi na magadi vimekutana vimemalizana, kilichobaki godoroni ni maji yenye chumvi chumvi, yani umelilowesha godoro kwa gharama. Kimoja kwanza, kikauke, kingine baadaye. Na hakikisha ni bekingi soda, sio bekingi pauda, ile ya pauda ina wanga na asidi ndani yake, ikipata unyevu inakuwa uji. Magadi ya mawe nayo usitumie, ni makali, yanaunguza kitambaa.

Jiki weka mbali kabisa. Jiki ikikutana na mkojo inatoa gesi inayobana kifua, ikikutana na siki inatoa klorini, na chumba kimoja dirisha dogo na mtoto amelala mle si mahali pa kujaribu. Inakula sponji pia, likawa la kumomonyoka.

Damu ni rahisi ukiwahi. Maji baridi, baridi hasa, na kitambaa, gusa gusa mpaka ipande. Maji ya moto yanaipika damu kama yai, haitoki tena. Yale madoa ya njano ya jasho na mafuta ya nazi upande wa kichwani, mie nimeshayasamehe, hayana madhara, godoro kavu lenye doa ni bora mara mia kuliko jeupe linalonuka kisima.

Tuje kwenye wadudu, maana hapa watu wanachanganya viumbe wawili. Kunguni unamuona, mkubwa anafika milimita tano, anakaa kwenye mishono ya godoro na viungo vya kitanda, anatoka usiku kunywa damu, anaacha vitone vyeusi kwenye shuka. Utitiri wa vumbi humuoni, hafiki hata nusu milimita, haumi, anakula ngozi iliyokufa inayopukutika kwetu, na taabu yake ni kinyesi chake kinachoamsha pumu na mafua yasiyoisha. Utitiri hanywi maji, anayavuta kutoka hewani, na unyevu ukishuka chini ya asilimia 50 anakauka. Kwetu haushuki. Ndo maana mtoto mwenye pumu hapa anateseka kitandani kuliko uani. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto ya digrii 60, au tuseme maji ambayo mkono hauvumilii, na usilipige godoro ndani ya chumba kwa fimbo, unavirusha vinyesi hewani halafu unalala navyo. Lipige nje, ufagio wa chelewa unafaa sana.

Kunguni jua peke yake halimmalizi, na hili linawaudhi wengi wanaoanika kila wiki. Anakufa kwa joto la kama digrii 50 likimkuta kweli, lakini godoro lililoanikwa linapata moto juu tu, yeye anahamia upande wa kivuli anakusubiri. Maji yanayochemka yamwagwe kwenye chaga na viungo vya kitanda, sio godoroni, mishono ya godoro ipite kwa brashi ngumu kipande kwa kipande, kila kitambaa cha kitanda kichemshwe, na urudie zoezi zima baada ya wiki moja na baada ya mbili, kwasababu mayai yanaanguliwa ndani ya wiki hadi siku kumi na ukipiga mara moja unaacha kizazi kinachokuja. Kunguni hakai godoroni tu, angalia nyuma ya picha ukutani na kwenye pindo za chandarua. Mafuta ya taa ya kizamani acheni, hasa kwenye sufi, na dawa za shambani msipulizie mahali mtu anaweka uso wake usiku kucha.

Na moshi wa udi hauui chochote. Chumba kinanukia, unajisikia bibi harusi, kunguni naye ananukia. Chetezo chini ya kitanda chenye godoro la sufi usiweke hata kwa dakika moja, cheche moja tu.

Kuanika kwenyewe kuna namna yake, na hapa ndo nilipojifunza kwa bibi zaidi. Karafuu haianikwi alfajiri na umande wala haiachwi mpaka magharibi. Godoro nalo litoke saa tatu asubuhi uwanja ukishakauka, ligeuzwe mchana, na lirudi ndani kabla ya adhana ya Alasiri, lingali moto, maana jua likishalala upepo wa bahari unaingia na unyevu wake na yote uliyokausha unayarudisha. La sufi liweke juani moja kwa moja. La sponji lifunike kanga nyepesi, joto litapita lakini miale haitalichoma, sponji likipigwa jua wazi wazi linageuka njano na linaanza kupukutika unga. Chandarua chenye dawa, madhali tuko hapo, anika kivulini, jua linaua ile dawa.

Kazi kubwa ifanye kaskazi ya mwezi wa kwanza na wa pili, au kipupwe cha mwezi wa sita mpaka wa nane kusi ikivuma, mie naipenda zaidi kipupwe, upepo unakausha mpaka ndani wakati jua linakausha juu tu. Masika usianze kitu chochote chenye maji. Watu wa magorofa ya Michenzani wasio na ua, nawajua mnavyohangaika kwenye ngazi, lisimamisheni kwa ubavu katikati ya chumba, madirisha wazi, pangaboi kwa nguvu zake zote, mligeuze baada ya saa mbili. Inatosha.

Lile la 2023 nililingoja mpaka baada ya Idi. Nikalichana kwa kisu cha jikoni kutoka ubavuni nione. Juu cheupe, chini cheupe, katikati utepe wa kijivu wenye vitone vyeusi upana wa vidole vitatu, bado una baridi. Koga ikishafika tumboni hakuna siki wala jua linaloifuata huko, nikalitoa nje, na fundi wa makochi wa mtaani aliyekuja kuuliza kama anaweza kuchukua sponji akate mito nikamwambia hapana, hilo hata la mito halifai. Nilipoleta jipya bibi alikuwa bado yupo. Halijashuka sawasawa kwenye mkokoteni akaniomba kisu, akaichana nailoni yote mlangoni, akaikunja vizuri akaitia kwenye mkoba wake. Kasema atafunikia karafuu.